Kipenu cha mbele ya fremu kiishie wapi? Jibu kwa msomaji wa Ipagala

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Nina fremu nne Ipagala hapa Dodoma, zimepangana, upana wake wote mita 12, zinatazama magharibi kwenye barabara ya mtaa yenye lami. Kiwanja kimepimwa na hati inasema makazi na biashara. Kutoka ukutani hadi kwenye mstari wa bikoni za mbele, yaani mpaka wa kiwanja, kuna mita 2 tu. Jua la jioni linaunguza bidhaa za wapangaji na mvua inaingia mpaka ndani, kwa hiyo nataka kipenu cha bati kitoke mita 3, na nguzo nne za bomba. Fundi anasema bati si jengo, kibali cha nini. Lakini jirani yangu wa pili kapakwa X kwenye kipenu chake. Nani mkweli? Kama kibali kinatakiwa, naanzia wapi? Mabomba ya nguzo nimeshanunua.

JIBU: Njema, mama. Fundi wako ni mkweli kwenye jambo moja tu: bati peke yake si jengo. Lakini Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haianzi kwa kuuliza umejenga kwa bati au kwa tofali. Inataka anayeendeleza ardhi apate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Kitu kilichofungwa kwenye ukuta wa jengo na kusimikwa nguzo ardhini kinabadilisha jengo na kinachukua nafasi, hivyo ni uendelezaji. Mkaguzi akifika kwako hatahangaika na unene wa bati. Ataangalia kipenu kinaning'inia juu ya ardhi ya nani.

Hapo ndipo hesabu yako inapogoma. Una mita 2, unataka mita 3. Mita moja inayozidi, kwa upana wa mita 12, ni mita 12 za mraba juu ya ardhi ya barabara, na nguzo zote nne zinaangukia huko. Kwa mchoro huo hata mkaguzi mpole kabisa hana pa kukusaidia.

Kabla ya yote hakikisha hizo mita 2 ni mita 2 kweli. Wengi hupima kutoka ukutani hadi kwenye mtaro wa maji wakidhani mtaro ndio mpaka. Mtaro huchimbwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa barabara, na mara nyingi kati ya mtaro na kiwanja chako kuna ukanda mwingine wa barabara usio na alama yoyote. Toa ramani ya upimaji iliyoambatanishwa na hati, soma namba za bikoni mbili za mbele, kisha zitafute ardhini. Ukizipata, vuta kamba kutoka bikoni hadi bikoni, ikaze, ndipo upime kutoka kwenye kamba hadi ukutani sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia. Nyumba nyingi haziko sambamba na mpaka. Unaweza kukuta mita 2.1 upande mmoja na 1.7 upande wa pili, na kipimo cha kufanyia kazi ni kile kidogo. Bikoni ikiwa imefukiwa au imeng'olewa na katapila wakati wa kuchonga barabara, usikubali fundi akuoneshe "ilikuwa hapa". Omba mpima ardhi wa jiji airudishe kwa vipimo vya ramani. Kuisogeza mwenyewe ni kosa, hata kama unairudisha pale unapoamini ilikuwepo.

Ukishapata mstari, tumia timazi. Funga ncha ya uzi pale kipenu kitakapoishia, acha timazi lining'inie, uone linaangukia upande gani wa kamba. Gata, ule mfereji wa maji ya mvua ukingoni, nayo ni sehemu ya kipenu. Watu hupima bati, wakaja kufunga gata ya sentimita 15 mwishoni, wakajikuta wamevuka mpaka kwa hiyo gata.

Sasa kuhusu barabara yenyewe. Barabara za mitaa kama yako zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na upana wake unasomwa kwenye mchoro wa mipango miji uliopitishwa, uliokaa ofisi ya mipango miji ya jiji. Barabara kuu na za mkoa, kama zile ziendazo Dar es Salaam, Iringa, Singida na Arusha, ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara hizo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukianzia katikati ya barabara. Ndiko lilikotoka lile neno la mitaani, "umeifuata barabara au barabara imekufuata?" X nyekundu ilizoeleka kwa aliyeifuata barabara, ambaye halipwi, na X ya kijani kwa aliyefuatwa, mwenye haki ya kufidiwa. Kipenu kilichotundikwa mwaka huu juu ya hifadhi kimeifuata barabara, hakuna mjadala. Na X ya jirani si hukumu yako wala kinga yako. Huenda bikoni zake ziko mita moja nyuma ya zako. Huenda pia ana barua asiyopenda kukuonesha.

Kwa nyumba za zamani za Dodoma kuna la ziada. Kwa miaka mingi ardhi ya mji huu ilisimamiwa na CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa 1973 pamoja na uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa. Ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na Aprili 2018 halmashauri ikapanda kuwa Jiji. Kwa hiyo jengo la miaka ya nyuma linaweza kuwa na michoro yenye muhuri wa CDA, na nyaraka za leo zina kichwa kingine. Hilo si tatizo. Tatizo huja pale ramani iliyopitishwa inapoonesha chumba cha kulala mahali ambapo leo kuna fremu ya duka la vifaa vya umeme. Ukipeleka ombi la kipenu, afisa atafungua jalada la jengo zima, si la bati lako tu. Wewe hati inasema makazi na biashara, umepona. Mwenye hati ya makazi pekee, ambaye sebule yake imegeuka duka, aanze na maombi ya kubadili matumizi. Hayo yana njia yake ndefu, pamoja na tangazo ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Bila hivyo kipenu kitakuwa ndicho kilichomchongea.

Turudi kwenye vipimo. Kwa kiwanja chako ushauri wangu ni kipenu cha mita 1.8 pamoja na gata, kisicho na nguzo, kilichobebwa na mikono ya chuma iliyofungwa ukutani. Sentimita 20 zinazobaki hadi mstari wa bikoni ni za makosa ya fundi na ya kamba. Ukingo wa chini kabisa, yaani tumbo la gata pale ilipoinama zaidi, uwe mita 2.4 kutoka chini. Kipimo hicho kinampisha mtu mrefu mwenye beseni kichwani, na kinampisha asiyeona anayepapasa kwa fimbo, ambaye fimbo yake haimwambii kitu kuhusu kona ya bati iliyo usawa wa paji la uso. Pima kutoka kwenye sakafu itakayokuwepo, si iliyopo. Ukija kumwaga zege la kibaraza sentimita 15 baada ya kufunga bati, mita 2.4 zako zimekuwa 2.25.

Kwa kulinganisha, kanuni ya majengo ambayo miji mingi ya Marekani imeichukua inataka turubai lililo juu ya njia ya umma liwe na nafasi ya angalau futi 7 chini yake, yaani mita 2.13. Kipenu kilicho chini ya futi 15 kisizidi theluthi mbili ya upana wa njia ya waenda kwa miguu, na nguzo zake zikae angalau futi 2 kutoka ukingo wa barabara. Hizo si sheria za Dodoma, na usizipeleke mezani kwa afisa kama hoja. Nazitaja kwa sababu zinaonesha kitu kinachoogopwa kila mahali: kichwa cha mpita njia, na lori linalorudi nyuma kushusha mzigo likakwangua nguzo. Fuso likigonga nguzo moja kati ya nne, bati lote linakuja chini.

Najua utasema mita 1.8 ni ndogo kwa jua la jioni. Ni kweli haitoshi, lakini hata mita 3 hazitoshi. Fremu zako zinatazama magharibi. Mwezi Machi au Septemba, saa kumi na nusu jioni, jua la Dodoma liko takriban nyuzi 30 juu ya upeo wa macho. Kipenu cha mita 1.8 chenye ukingo wa mita 2.4 wakati huo kinatia kivuli ukutani kuanzia juu hadi usawa wa mita 1.36. Chini ya hapo jua linaingia. Ukikiongeza hadi mita 3, kivuli kinashuka hadi sentimita 67. Kwa hiyo mita 1.2 za ziada, pamoja na ugomvi wote na barabara, zinakununulia sentimita 70 za kivuli, na saa moja baadaye jua limeshuka hadi karibu nyuzi 15 na linapita chini ya vyote viwili. Jua la magharibi halizuiwi kwa kitu kilicholala. Huzuiwa kwa kitu kinachoshuka. Funga turubai la kukunja kwenye ukingo wa mbele wa kipenu, lishushwe mbele ya madirisha ya bidhaa kuanzia saa tisa, na njia ya mlango ibaki wazi. Likiwa ndani ya mstari wa bikoni, humgusi mtu. Likunjwe kila siku wakati wa kufunga, maana turubai lililoachwa wazi usiku ni tanga la jahazi.

Anayetazama kaskazini au kusini ana nafuu kubwa. Hapa tulipo, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua la mchana wa Juni linaegemea kaskazini na la Desemba kusini. Ukuta wenye mlango wa mita 2.4 unaotazama kaskazini unahitaji kipenu cha mita 1.4 hivi kuufunika wote mchana wa Juni. Unaotazama kusini unatosheka na sentimita 75 mchana wa Desemba. Huko hakuna sababu ya kupigania mita 3 hata kidogo.

Sasa upepo, ambao ndio unaoangusha vipenu vya Dodoma kuliko mzigo wowote. Fundi wengi huwaza uzito wa kushuka: bati, chuma, labda mtoto aliyepanda kuokota mpira. Kipenu ni ubawa. Upepo wa kilomita 100 kwa saa, wa aina inayotangulia mvua ya kwanza ya msimu, unasukuma kwa nguvu ya kama kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Kipenu chako kina mita za mraba 21.6, kwa hiyo kinanyanyuliwa na nguvu ya takriban tani moja, wakati bati na chuma chake vyote kwa pamoja havifiki kilo 300. Kuwa upande wa magharibi hakukuokoi. Upepo wa kiangazi hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, ila ule wa mawingu ya mvua hauna adabu, unatoka popote.

Ndiyo maana mikono ifungwe hivi. Weka mikono 10 kwa mita 12, nafasi ya takriban mita 1.33 kati ya mmoja na mwingine. Kila mkono ni pembetatu ya skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene 2: kipande cha ukutani sentimita 80, mkono wenyewe mita 1.65, na mshazari wa mita 1.4 kutoka chini ya kipande cha ukutani kwenda mbele ya katikati ya mkono. Juu yake pitisha pau tatu za bomba hilohilo kwa urefu wote. Jumla ni kama mita 75. Bomba huuzwa kwa vipande vya karibu mita 6, nunua 14 kwa sababu ya vipande vinavyopotea. Asikuambie mtu ubadilishe mshazari kwa waya au nondo nyembamba inayoshikilia kipenu kutoka juu kwa sababu "inapendeza". Waya unajua kuvuta tu, haujui kusukuma. Upepo ukinyanyua, waya unalegea na kipenu kinabaki kinapiga makofi hadi bolti zichomoke.

Bolti ni za milimita 12, tatu kwa kila mkono, kwa hiyo 30, na zote zishike kwenye zege: linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) au mkanda wa juu wa ukuta. Tofali za saruji za mitaani mara nyingi zina mchanga mwingi kuliko saruji. Bolti ya kutanuka ndani yake inakaza vizuri siku ya kwanza, inachezacheza kiangazi kizima, na mwezi wa kwanza wa mvua inatoka na kipande cha plasta. Pale ambapo linta haifiki, toboa ukuta hadi ndani, pitisha bolti ndefu, na upande wa ndani weka kipande cha chuma cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 6, ndipo ukaze nati. Wapangaji watalalamika kuona chuma ndani ya duka. Kipakwe rangi ya ukuta.

Bati liwe la geji 28, si 30, na lifungwe kwa skrubu zenye mpira, si misumari. Msumari ulitengenezwa kwa ajili ya mbao, na upepo unauchomoa taratibu kila siku. Muulize muuzaji bati lake linafunika upana gani likishapandana. Likifunika sentimita 75, unahitaji 16 ya mita 1.7, pamoja na skrubu 200. Sehemu zote zilizochomelewa zipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na midomo ya mabomba izibwe, la sivyo nyigu watahamia kabla ya wateja. Mbao sizishauri kwa kazi hii. Nguzo ya mbao iliyochimbiwa kwenye udongo wa Dodoma ni chakula cha mchwa, na hutajua imeliwa mpaka uiegemee.

Kuna wanaokataa bati na kutaka kibaraza cha juu cha zege, "kiwe cha kudumu". Hicho nacho kina jambo lake, na ni zito. Zege linaloning'inia bila nguzo huvutika upande wa juu, kwa hiyo nondo kuu lazima zikae juu, na ziingie ndani ya jengo kwa urefu wa kutosha kushika. Fundi aliyezoea kumwaga sakafu ya ghorofa anaweka nondo chini kwa mazoea, na wasaidizi wake wanazikanyaga zile zilizokuwa juu wakati wa kumwaga. Zege hilo litasimama vizuri likiwa na mbao chini, kisha litaanguka siku mbao zinapotolewa, mara nyingi juu ya mtu anayezitoa. Kwa jengo lililokwisha simama, kuongeza zege hilo kwenye linta pekee kunaisokota linta kama mtu anayekamua nguo iliyofuliwa. Ukitaka zege, leta mhandisi aliyesajiliwa, achore na asaini. Kwa fremu nne za Ipagala, mimi nisingesumbuka.

Maji. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, lakini ikija inakuja kwa hasira. Milimita 50 zikinyesha kwa saa moja, kipenu chako peke yake kinakusanya zaidi ya lita 1,000. Hicho si kitisho. Kitisho ni paa kuu la nyumba likiwa limeelekezwa mbele. Paa la mita 12 kwa 10 linamwaga lita 6,000 kwa saa hiyohiyo juu ya bati lako, na gata ndogo haiwezi. Kama paa linashukia mbele, lifungie gata yake lenyewe kwanza. Pale kipenu kinapokutana na ukuta, chana mfereji mdogo kwenye plasta, ingiza ukingo wa bati la kuziba ndani yake, halafu rudishia plasta. Kupaka lami au gundi juu ya maungio ni kazi ya kurudia kila mwaka. Bati liinuke sentimita 30 kutoka ukingo hadi ukutani. Gata ianzie katikati, iiname sentimita 3 kwenda kila mwisho, na kila mwisho uwe na bomba la kushusha la inchi 3. Maji yaingie kwenye tanki au mtaro, yasirushwe juu ya njia ya watu wala uani kwa jirani. Malalamiko mengi ya vipenu mtaani huanza na maji, mipaka huja kuulizwa baadaye.

Sasa ombi lenyewe. Andika barua ya kuomba kibali cha kuongeza kipenu kwenye jengo lililopo, ipite kwa mtendaji wa mtaa, halafu iende jiji. Maombi ya vibali vya ujenzi siku hizi hupokelewa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, lakini ukiwa na karatasi mkononi unaweza kwenda dirishani kuuliza kama mchoro wako umekamilika kabla ya kuupakia. Ambatanisha nakala ya hati na ramani ya upimaji, risiti ya kodi ya ardhi ya mwaka huu, nakala ya kibali cha awali cha jengo, picha mbili za mbele ya fremu, na mchoro. Mchoro ndio unaorudishwa mara nyingi. Mafundi huchora sura ya duka kwa mbele, yenye rangi, basi. Afisa anachohitaji zaidi ni mkato wa pembeni: ukuta, mkono, ukingo wa gata, mstari wa bikoni, mtaro na ukingo wa lami, kila kimoja na umbali wake kwa mita, na ule urefu wa 2.4 kutoka chini. Mkato huo ukionesha sentimita 20 za hewa kati ya gata na mstari wa bikoni, umejibu nusu ya maswali kabla hayajaulizwa. Onesha pia unene wa bomba na idadi ya bolti.

Jengo lenyewe likiwa halina kibali cha awali, sema hivyo mapema na uombe kwanza kurasimishwa. Kuficha hakusaidii, jalada litasema lenyewe. Malipo yote yafanyike kwa kontroo namba. Anayetaka taslimu mkononi "akuharakishie" hatakuwepo siku ya X. Na "sawa mama, endelea" iliyotamkwa mlangoni si kibali. Kibali kina muhuri, tarehe, na mchoro uliogongwa muhuri pia. Hifadhi nakala dukani, kwa sababu mgambo hawatembei na jalada lako.

Ikitokea bado unataka kuvuka mstari wa bikoni, hata kwa turubai tu, jiji peke yake halitoshi. Unahitaji pia ridhaa ya maandishi ya TARURA, kwa kuwa ardhi hiyo ni ya barabara. Ukiipata, ichukulie kama ruhusa ya muda: barabara ikipanuliwa, au bomba la maji likipita, utaambiwa utoe na hutalipwa. Kwa hiyo kila kitu kwenye ukanda huo kiwe cha kufungua kwa spana, kisiwe cha kuchomelea.

Angalia pia waya wa TANESCO unaotoka kwenye nguzo kuja kwenye nyumba. Kama unapita pale kipenu kitakapokaa, waombe wauhamishe kabla fundi hajapanda ngazi na bati la chuma mkononi. Na wapangaji wako waambiwe kwa maandishi kwamba chini ya kipenu hakuna jiko la mkaa na hakuna kibanda cha nyongeza. Mpangaji akitundika turubai lake kwenye mikono yako na kulivuta hadi mtaroni, notisi itakuja kwa jina lililo kwenye hati, yaani lako. Ile kazi ya kuwapanga machinga mwishoni mwa 2021 iliwakumba hata wenye nyumba ambao hawakujua nini kimefungwa kwenye kuta zao.

Kazi ikiisha, rudi na spana baada ya upepo wa kwanza mkali ukaze bolti zote 30, kisha safisha gata kila Novemba kabla mvua haijafika. Vumbi la Julai hadi Oktoba na majani ya mwarobaini yanatosha kuziba bomba la inchi 3.

Kuhusu yale mabomba ya nguzo, kama hayajakatwa, mwenye duka la vyuma huenda akakubali kuyabadilisha kwa skwea paipu, ukiongeza au ukirudishiwa kidogo. Akikataa, bado yana kazi. Simika mawili tu, moja kila mwisho wa kipenu, yote ndani ya mstari wa bikoni, mita 1.5 kutoka ukutani, kila moja kwenye shimo la sentimita 40 kwa 40 lenye kina cha 60, limwagwe zege, na uyaoneshe kwenye mchoro. Yatashika pembe mbili za mwisho, ambazo upepo huzianza. Mawili yanayobaki yatafaa kushushia maji ya gata, kama kipenyo ni inchi 3 na yana rangi nje.